Swali la Mwalimu wa Kichuguuni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa kijana katika ofisi ya shahada za juu ya chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa. Kila mwaka wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu tunawafanyia orientesheni ya mtandaoni, kwa sababu wengi wako makazini mikoani. Mwaka jana tulikaa Zoom kwa saa nne na nusu mfululizo. Ofisi tisa zilizungumza, kila moja na slaidi zake. Tulianza na watu zaidi ya mia moja. Wakati wa kufunga nilihesabu 18, na nusu yao walikuwa watumishi wenzangu. Wiki mbili baadaye simu ya ofisi haikupumzika, watu wanauliza yaleyale tuliyoyaeleza. Mkuu wangu ameniagiza niitengeneze upya. Yeye anapendekeza kila ofisi irekodi video, tuziweke zote kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni. Mimi naona tutakuwa tumelihamisha tatizo tu. Nianzie wapi?
Msomaji, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeona sawasawa, na nimefurahi umeuliza kabla hamjaanza kurekodi.

Nilipokea wanafunzi wa shahada za juu kwa miaka kumi na moja kabla ya kustaafu, na ratiba kama hiyo yako nimeiandika kwa mkono wangu mara nyingi. Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Lindi. Nilikwenda huko mwaka 2021 kwa kazi ya mitihani, akanikaribisha nyumbani kwake. Nikamuuliza kama alihudhuria orientesheni yetu. Akasema, "Nilihudhuria, twende nikuonyeshe mahali." Tukazunguka nyuma ya nyumba za walimu hadi kwenye kichuguu kirefu kuliko mimi, kimekanyagwa upande mmoja hadi kimekuwa ngazi. Pale juu ndipo mtandao unapopatikana. Alisimama pale asubuhi nzima, mwavuli mkono mmoja, simu mkono wa pili, daftari kalibana kwapani.

Daftari lenyewe alinipa nilisome. Juu ya ukurasa tarehe. Chini yake: "Mkurugenzi: karibuni." "Maktaba: imekatika." "Fedha: imekatika, bando limeisha." Kisha, chini kabisa ya ukurasa, mistari miwili aliyoipigia msitari kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "Msimamizi wangu ni nani? Nitampata lini?"

Swali hilo halikuwa na mahali kwenye ratiba yetu. Wasimamizi, wale wanaomwongoza mwanafunzi katika utafiti wake, ni wa idara, na idara hatukuzialika. Tulialika ofisi zilizokuwa na jambo la kusema. Yule mwalimu alikuwa amekuja na jambo la kuuliza, akaondoka nalo.

Kwa hiyo anzia hapo, kwenye maswali. Kabla hujagusa Moodle wala slaidi, kaa na yule karani anayepokea simu za ofisi. Yeye anajua kuliko mkurugenzi. Mwombe kwa mwezi mmoja aandike kila swali kwa maneno ya aliyeuliza, na tarehe. Halafu wapigie simu wanafunzi kumi waliomaliza mwaka wa kwanza, na wawili watatu walioacha masomo ukiwapata. Usiwaulize "mliionaje orientesheni?", kwa maana watakujibu kwa adabu kwamba ilikuwa nzuri. Waulize ni kitu gani kiliwakwamisha mara ya kwanza, ilikuwa wiki ya ngapi, na nani aliwakwamua. Hilo la mwisho lisikilize kwa makini. Mimi nilipouliza, jina lililotajwa mara nyingi halikuwa la ofisi yoyote. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa anawajibu wenzake usiku.

Ukishayapata maswali, yapange kwa siku ambayo mtu anayahitaji. Wiki mbili kabla ya muhula anahitaji mambo machache sana: namba ya usajili, barua pepe ya chuo, paswedi inayofanya kazi, namba ya malipo ya ada na tarehe ya mwisho ya kujisajili. Kama ni mtumishi, anahitaji pia barua ya kumpelekea mwajiri kuombea ruhusa ya masomo. Wiki ya kwanza anahitaji kuingia kwenye mfumo na kufika maktaba akiwa kwake. Mwezi wa pili ndipo linakuja lile la msimamizi na pendekezo la utafiti.

Vibali vya utafiti, ambavyo sisi tulivieleza siku ya kwanza kwa slaidi kumi na mbili, vitamgusa baada ya pendekezo kupita. Na ni jambo linalotaka kuelezwa kwa utulivu: kwamba Tanzania Bara mwanafunzi hupewa barua ya kibali na chuo chake, kwa mamlaka ambayo Makamu Mkuu wa Chuo amepewa kwa niaba ya serikali na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kwamba akitaka kukusanya data Zanzibar, kule kuna utaratibu wao, na kwamba utafiti wa afya unaohusu watu unahitaji pia kibali cha maadili, cha kamati ya chuo au cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kutegemea aina ya utafiti. Ukimwambia hayo mtu ambaye hata paswedi hana, utakuwa umechoka bure na yeye atakuwa ameogopa bure. Mtumie mwezi wa nne au wa tano, ukurasa mmoja, na mfano wa barua iliyokamilika.

Sasa video za mkuu wako. Saa nne na nusu za Zoom zenye picha zinaweza kula gigabaiti kadhaa. Ukizirekodi, mzigo ni uleule, ila sasa mwanafunzi atauahirisha. Neno la kueleza liandike kwenye ukurasa mmoja unaosomeka kwenye simu. La kuzungumza lifanye sauti: dakika kumi za sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde hazifiki megabaiti tano, na yule mwalimu angezipakua akishuka sokoni akazisikiliza jioni. Moodle ina programu ya simu inayomwezesha mtu kupakua kozi na kuisoma bila intaneti. Wengi wa wanafunzi wako hawajui, wanaifungua kwenye kivinjari kila siku na kuchoma bando. Video ibaki kwa lile ambalo lazima lionekane, kama namna ya kuingia maktaba kutoka nje ya chuo, na isizidi dakika tatu.

Halafu wape kitu cha kufanya. Hili nalisisitiza kuliko yote. Wiki ya kwanza kila mmoja atafute makala moja ya fani yake kupitia maktaba ya chuo, aihifadhi kwenye Zotero, ambayo ni programu ya bure ya kutunza marejeo, na akutumie rejeo lake pamoja na mistari miwili: kwa nini ameichagua. Kazi hiyo ndogo inakuonyesha mambo manne kwa mpigo. Paswedi yake inafanya kazi au haifanyi. Amefika maktaba au amekwama mlangoni. Anajua kwamba makala ambayo mtandaoni anadaiwa dola 30 huenda chuo kinaipata kupitia Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, bila yeye kulipa senti. Na unaona kama anaelewa fani aliyoiomba. Ambao hawajatuma hadi Ijumaa, wapigie simu. Simu, mwanangu, barua pepe haitoshi, kwa sababu huenda hiyo barua pepe ndiyo iliyomshinda kufungua.

Mwaka wa kwanza tulipojaribu hivyo, mama mmoja mtumishi wa halmashauri alipokea simu yangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mnatujua." Alikuwa amekwama kwa sababu jina lake kwenye mfumo lilikosewa herufi moja. Tulirekebisha kwa dakika tano. Siku zile tano alizokaa akijaribu peke yake alishaanza kufikiri kwamba masomo haya si ya watu wa umri wake.

Kanuni za shahada za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, na ni sawa zibaki hivyo kisheria. Lakini maelezo yako yaandike kwa Kiswahili pia. Nimeona watu wazima, wenye vyeo, wakitia sahihi tamko la uaminifu wa kitaaluma bila kujua Turnitin, ile programu ya kulinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, inapima nini. Waeleze kwamba asilimia inayotoka pale ni ya maneno yanayofanana na maandishi mengine, na kwamba mtu ndiye anayeamua kama ni wizi au ni nukuu halali. Tumia aya moja ya mfano, waione kwa macho.

Zile ofisi tisa zitakusumbua. Kila moja itataka muda wake, na ina haki, maana kila moja ina jambo ambalo likiachwa litamuumiza mwanafunzi. Usiende kwao na hoja ya muda. Nenda na daftari la karani. Mwambie mtu wa fedha: "Haya hapa maswali ya ofisi yako, na hili limeulizwa kuliko yote. Nipe jibu la ukurasa mmoja, na jina la mtu wa kupokea simu." Sijawahi kukutana na afisa aliyeona maswali ya watu kwa maandishi akakataa kuyajibu.

Mkutano wa moja kwa moja usiufute kabisa. Watu wanataka kuonana. Ufanye mmoja tu, wa dakika 40, saa mbili usiku au Jumamosi, kwa maswali yaliyokusanywa kabla, na wakuu wa idara wawepo na majina ya wasimamizi mkononi. Kisha wagawe wanafunzi makundi ya watu kumi au kumi na wawili kwa fani, kila kundi na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Huyo mlipeni walau bando. Mkifungua makundi ya WhatsApp, ombeni ridhaa kwanza, na msirushe orodha ya majina na namba za simu kwenye kundi la watu mia; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na kabla ya sheria kuna heshima ya mtu.

Mkuu wako atauliza utajuaje kama imefaulu. Mwambie wiki ya sita utahesabu wangapi wanalijua jina la msimamizi wao na wameshazungumza naye mara moja.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi Kigoma, nimedahiliwa uzamili wa afya ya jamii. Siku ya orientesheni nilikuwa zamu, wodi ya wazazi, simu iko kabatini. Sasa wiki ya tatu inaanza na naona aibu kuuliza, nisije kuonekana si makini tangu mwanzo. Nifanye nini?
Muuguzi, Kigoma

JIBU: Nzuri, na pole na zamu. Ulikuwa unazalisha watu; hakuna wa kukuona si makini kwa hilo.

Piga simu leo, kabla hujaingia kazini. Taja jina, namba ya usajili na programu, kisha uliza matatu tu: mratibu wa programu yako ni nani, mwisho wa kujisajili ni lini, na barua pepe yako ya chuo imeshafunguliwa au bado. Ukimpata mratibu, mtumie ratiba yako ya zamu ya mwezi huu na umwombe akuunganishe na mwanafunzi mmoja wa mwaka jana. Ukifika wakati wa pendekezo, uliza mapema kamati ya maadili inakaa lini, maana ukikosa kikao kimoja unasubiri kingine. Pembeni ya daftari andika jina la aliyepokea simu yako na saa anayokuwa mezani.