Kamanda kastaafu, je nani anamlisha?

Wiki hii barua zimekuja tatu na zote zinahusu mbwa wa kazi walioishiwa na kazi. Sikutegemea. Nilizoea maswali ya kuku wenye kideri na ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa. Ya kwanza ni ndefu, nimeikata kidogo.

*Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Ng'ambo hapa Tabora. Mume wangu kafanya kazi ya kuongoza mbwa wa kunusa miaka kumi na sita, mwaka jana kastaafu, nikasema alhamdulillah sasa atatulia tulime, kumbe baada ya miezi mitatu kaenda mjini karudi juu ya fuso na mbwa. Anaitwa Kamanda, ana miaka 9, naye wamemstaafisha. Hakuja na karatasi hata moja. Anakula kuliko mtoto wangu wa mwisho, asubuhi miguu ya nyuma inamgomea, na sasa jicho moja limekuwa kama lina moshi ndani, bluu bluu. Mama mkwe tunaishi naye, siku ya kwanza alisikia "Kamanda ameshakula?" akajua tuna mgeni akavaa khanga mpya, alipomuona mgeni mwenyewe ndo ugomvi ukaanza, anasema nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Mume wangu haongei na mtu, anaongea na mbwa. Usiku wakipiga ngoma za harusi wanaamka wote wawili wanakaa nje mpaka kuche. Jirani kanishauri achomwe sindano alale moja kwa moja, mume wangu kasikia, siku mbili hajagusa chakula. Nifanyeje?*
Mama Shabani, Ng'ambo

Marahaba mama Shabani. Hiyo sindano ya jirani iweke kando kabisa, na mwambie mumeo leo leo kwamba umeiweka kando, maana asipokusikia ukisema mwenyewe hataamini.

Tuanze na jicho kwa sababu hilo halisubiri. Mbwa wa miaka 9 jicho linaweza kufifia kwa uzee tu, ila uzee kwa kawaida unachukua macho yote mawili taratibu. Jicho moja kugeuka bluu ghafla, tena huku kwetu kwenye miombo, mimi cha kwanza nafikiria mbung'o. Ugonjwa wa ndorobo anaouleta nzi huyo hauli ng'ombe peke yake, unampata mbwa vibaya sana, na moja ya dalili zake ni jicho kuingia ukungu, pamoja na homa, uso kuvimba, kukonda huku anakula. Unasema anakula kuliko mtoto, je ananenepa? Apelekwe apimwe damu kwenye hadubini wiki hii. Na tafadhali sana, asitokee shemeji akanunua Berenil, dawa ya ndorobo, dukani akapiga dozi ya kukisia kama wanavyofanya kwa ng'ombe. Mbwa hana nafasi ya kukosea kwenye dawa ile, ikizidi kidogo inapiga ubongo, anaanza kuyumba na anaweza kufa, halafu mnasema kafa na ndorobo.

Miguu ya nyuma ni nyonga na mgongo, hiyo ndo pensheni ya mbwa wa kazi karibu wote. Miaka yote anaruka kutoka kwenye magari, anapanda mizigo, anasimama kwa miguu miwili kunusa juu, sasa mwili unadai. Usimpe diklofenaki wala Panadol ya nyumbani hata kama unamuonea huruma, zinamtoboa tumbo na kumuua figo na ini, zipo dawa za maumivu za mbwa na mganga wa mifugo anajua kipimo. Kama sakafu ni ya sementi tandika magunia anapolala na anapopita, mbwa wa nyonga mbovu akiteleza mara moja anaumia wiki nzima. Na asinenepe. Ugali wa dona na dagaa au utumbo uliochemshwa unamtosha, ila makombo ya mchuzi yenye vitunguu hapana, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

Kwa mama mkwe nenda kwa adabu, usimbishie, kwa sababu hoja yake ina mashiko na hata mimi nyumbani kwangu mbwa haingii ndani. Lakini masheikh wenyewe wanafundisha kwamba mbwa wa kulinda na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa, tatizo ni kukaa naye ndani na mate yake. Basi Kamanda ajengewe banda lake chini ya mwembe, mbali na pa kuswalia, awe na sufuria yake isiyochanganywa na vyombo vya nyumba, na akilamba chombo mnajua wenyewe, kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Banda alijenge mumeo. Bibi akiona mwanae anapiga misumari badala ya kukodolea ukuta nadhani atapoa mwenyewe.

Sasa mumeo. Mama Shabani, wewe unaona mtu mzima anaongea na mbwa. Mimi naona mtu ambaye kwa miaka mingi, kama mbwa akikaa chini mbele ya mzigo basi kuna kitu, asipokaa basi salama, na maisha ya watu yakategemea yeye kumsoma mbwa sawasawa. Hilo haliishi siku ya kukabidhi sare. Wote wawili wamezoea kuamka kwa kelele, ngoma ya harusi kwao si harusi. Mpe kazi: saa 12 asubuhi kabla ya jua amchukue Kamanda, afiche kitambaa chenye harufu anayoijua, mbwa atafute, dakika kumi na tano zinatosha na hazihitaji kukimbia. Mbwa wa kunusa akizeeka pua haistaafu, ukimfunga kamba kutwa anaharibika kichwa. Ukiona usingizi umekata kabisa kwa wiki, au pombe inaingia, au anaongelea kufa, hapo usiniandikie mimi daktari wa ng'ombe, mpeleke hospitali ya mkoa aonane na watu wa afya ya akili, na uende naye.

La hela nimeliacha mwisho kwa sababu ndo gumu. Wapo wanaodhani nje mambo haya yamenyooka. Marekani kwenyewe mbwa wa jeshi alihesabiwa kama kifaa, kama redio au tenti. Vita vya Vietnam walipeleka mbwa takriban 4,000, waliorudi nyumbani ni mia mbili hivi, wengine waliachwa huko au wakauawa. Mpaka mwaka 2000 mbwa akichoka kwa kawaida anapigwa sindano, kisha ikapita sheria iliyosainiwa na Rais Clinton mwezi Novemba kwamba anaweza kupewa mtu wa kumtunza. Sheria ile inaitwa kwa jina la mbwa, Robby, mbwa wa kazi wa aina ya Malinois ambaye mwenye kumuongoza alimuomba wampe. Robby mwenyewe alikufa Januari 2001, hakufika nyumbani kwa yule bwana. Na hata leo huko ukishasaini kumchukua, bili ya dawa kwa sehemu kubwa ni yako, ndo maana kuna vyama vya hisani vinachangia matibabu yao.

Na sisi tusijidharau. Magawa, yule panya buku aliyezaliwa Tanzania akafunzwa na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, kule Morogoro, alienda Cambodia akanusa mabomu ya ardhini 71, mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, 2021 akastaafu na kutunzwa kwa ndizi na karanga mpaka alipokufa Januari 2022. Panya! Kwa hiyo Kamanda kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka na dawa ya kupe si anasa. Mumeo arudi kazini kwake alikomchukua aombe kwa maandishi rekodi za chanjo na matibabu, na aulize kama wanaweza kuchangia dawa ya nyonga. Wakikataa, wakatae kwa maandishi pia.

*Bro dokta mambo vipi. Mimi nina duka la dagaa Kibirizi Kigoma, kuna mzee jirani ana mbwa mstaafu wa ulinzi nataka anipige bei anilindie stoo usiku. Nimpe sh ngapi?*
Kijana wa Kibirizi

Usimpe hata senti. Mbwa mzee anahitaji kulala, wewe unataka akeshe. Halafu wapo ambao amri wamefundishwa kwa maneno ya kigeni, Kijerumani au Kiholanzi, akishamkamata mtu mkono utasema nini, "jamani mwachie"? Chukua kitoto cha mbwa koko chenye macho makali, kilee mwenyewe, kwa bweko tu kitakutosha.

*Dokta heshima kwako. Mimi nilikuwa muongoza mbwa, nimestaafu nipo Kasulu, mbwa wangu kabaki kazini na mtu mwingine, ana miaka 7. Je naweza kumuomba siku zake zikiisha au nitaonekana mtoto?*
Mstaafu, Kasulu

Heshima kwako pia mzee wangu. Muombe, na uombe sasa hivi, usisubiri achoke. Wengi wanastaafu kati ya miaka 8 na 10, na uamuzi ukishafanyika unafanyika haraka. Wenzetu Marekani tangu Novemba 2015 sheria inamtanguliza aliyekuwa anamuongoza kabla ya mtu mwingine yeyote. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja: jina la mbwa na namba yake, miaka mliyofanya kazi pamoja, mahali utakapomuweka, na nani atamtibu huko Kasulu. Nakala moja mpe huyo kijana anayemuongoza sasa, maana yeye ndiye atakayejua kwanza siku miguu ikianza kukataa, na mwachie namba yako ya simu.