Kwa nini rangi za kikaboni badala ya rutheniamu?

Ndugu, umeuliza kwa nini watafiti wa seli za sola zinazonasa mwanga kwa rangi wanaendelea kubuni rangi za kikaboni, yaani za molekuli za kaboni zisizo na metali, ilhali zile zenye rutheniamu zilikwisha kufanya kazi vizuri. Rutheniamu ni metali adimu na ghali, lakini kwa maoni yangu sababu nzito zaidi ni kwamba rangi nyingi za kikaboni hufyonza mwanga kwa nguvu kubwa zaidi, hivyo tabaka jembamba la dioksidi ya titani, ile oksidi inayobeba rangi ndani ya seli, hutosha.

Tangu wanakemia O'Regan na Grätzel walipotangaza seli yao ya aina hii mwaka 1991, kanuni ni ileile: rangi hufyonza mwanga, huachia elektroni iingie katika dioksidi ya titani, kisha hurudishiwa nyingine na elektroliti, yaani kimiminika kinachobeba chaji ndani ya seli. Ndiyo maana molekuli hujengwa kwa kundi linalotoa elektroni, kama trifenilamini, daraja la katikati, na kundi linalovuta elektroni, ambalo mara nyingi ni asidi ya sianoakriliki, inayoishikiza pia rangi kwenye oksidi. Ukirefusha daraja, kwa kawaida rangi hufyonza zaidi upande wa mwanga mwekundu, jambo linalotamanika sana; ila molekuli ndefu na bapa huelekea kulaliana, yaani kupangana moja juu ya nyingine, na zikilaliana nishati hupotea kabla elektroni haijatoka. Kwa hiyo wanakemia huongeza minyororo ya alkili (ya kaboni na hidrojeni) pembeni ili kuzitenganisha, nayo, kwa bahati njema, husaidia pia kuzuia elektroni zilizokwisha kuingia kwenye oksidi zisirudi kwenye elektroliti. Ningekushauri uanze usomaji wako na suala hili la kulaliana.