Kabla gari la wagonjwa halijafika: maswali yenu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wa barabarani: bodaboda, makonda, mama lishe wa stendi. Ajali ikitokea, nyinyi ndio mnaofika kabla yetu sisi wauguzi, kwa hiyo nawajibu kwa kirefu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Shikamoo dada. Mwenzetu wa kijiweni aligongwa, paja likachanika, damu ikawa inaruka. Tulimfunga kamba ya katani juu ya jeraha. Tulikosea? (Bodaboda, Chalinze)

Marahaba. Kamba nyembamba inakata nyama, na damu ya mshipa mkubwa mara nyingi haiizuii. Damu inayoruka kwa mapigo inaweza kummaliza mtu kwa dakika chache, kwa hiyo kwanza bonyezeni. Kunja kanga au shati, weka juu ya jeraha lenyewe, kandamiza kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wako wote hapo. Usifunue kuchungulia. Ukipata mfuko wa plastiki, uvae mikononi kama glavu.

Damu ikigoma, chukua kitambaa kipana kama vidole vitatu, kifunge juu kidogo ya jeraha, pitisha kijiti, sokota mpaka damu ikome. Kumbuka saa uliyofunga, na usilegeze njiani. Hiyo kazi tuachieni hospitalini.

Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa kijana wa bodaboda, na juu ya machela kapiga magoti mama muuza mihogo, kanga yake imekunjwa mara nne juu ya paja la kijana. Vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi tumbandue kimoja kimoja. Kijana alipona. Mama yule hakuwahi kukaa darasa lolote la huduma ya kwanza.

Usafiri wetu ni pikipiki tu. Majeruhi tunamweka katikati, mshikaki, mmoja anamshikilia nyuma. Ni sawa?

Aliyevunjika mkono na akili zake timamu, atafika. Aliyepoteza fahamu au anayelalamika shingo, tafadhali msimkalishe. Shingo ikiwa imevunjika, kule kuning'inia kichwa njiani kunaweza kumpooza maisha yake yote. Mmoja apige magoti kichwani amshike kichwa kisitikisike, wengine wasimamishe pikapu au hata daladala. Mnyanyueni watu wanne kwa pamoja, mwili umenyooka, juu ya ubao au mlango. Kama hana fahamu lakini anapumua, mgeuzeni kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeshikwa, matapishi yasimzibe koo. Kofia ngumu iacheni, isipokuwa inamzuia kupumua.

Nikimpeleka hospitali bila PF3 watanirudisha polisi?

PF3 ni fomu ya polisi kwa ajili ya ushahidi. Wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Nendeni hospitali moja kwa moja, mwenzenu mmoja aende kituoni wakati huohuo. Ndugu zangu wa Kenya mna Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Itajeni mapokezi bila woga.

Abiria akianguka kifafa, kijiko mdomoni?

Hapana, wala kidole. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo chini ya kichwa, tazama saa. Akitulia, mlaze ubavu. Ikipita dakika 5, hospitali.

Mke wangu anakaribia kujifungua na tuko mbali na zahanati. Nipige namba gani?

Kwa Tanzania ni 115, bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Gari la wagonjwa lisipopatikana, wanamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Hifadhi namba leo.

Lori la mafuta limepinduka, dereva amenasa ndani. Nikimbilie?

Swali hili limenikosesha usingizi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka likaua watu zaidi ya 100. Mafuta yakiwa yanamwagika, usisogee, hata kama dereva anaita. Zima pikipiki yako mbali, simama upande upepo unakotoka, wazuie wenye madumu na wenye sigara. Halafu, kwa Tanzania, piga 114 kwa Zimamoto, uwatajie kijiji na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya kilomita iliyo karibu nawe.