Ukitaka kuwaelewa Wagiriki wa kale, fuata ubishi wao

Anayeanza kusoma mawazo ya Wagiriki kuhusu asili ya vitu hupewa orodha: Thales alisema maji, Anaximenes hewa, Heraclitus moto, Empedocles akavijumlisha vyote pamoja na udongo. Ukiikariri hivyo inachosha, na watu wale wanaonekana kama wapiga ramli. Nimekuwa nikiwasomesha vijana mada hii, na kila anayeanza namshauri hivi: ukikutana na jibu, uliza aliyefuata alilikataa kwa nini.

Anzia Mileto, mji wa bandari uliokuwa katika pwani ya Uturuki ya leo, karne ya 6 KK. Thales anadai chanzo cha vyote ni maji. Anaximander wa mji huohuo hakubali. Anaona maji na moto ni mahasimu, na mmoja angekuwa ndiye chanzo, angekwisha kummaliza mwenzake. Basi chanzo ni kitu kingine, kisicho na mpaka.

Kisha anakuja Anaximenes, na hapa nakuomba usipite haraka. Yeye anataka kujua kitu kimoja kinageukaje kuwa kingine. Hewa, anasema, ikisongamana inakuwa upepo, wingu, maji, udongo, hata jiwe. Ikitawanyika inakuwa moto. Ushahidi wake uko mdomoni mwako. Bana midomo upulize kiganja: pumzi ni ya baridi. Achama, uhemee kiganja hichohicho: ni ya joto. Leo tunaeleza jambo hilo kwa njia nyingine, lakini dai lake linajaribika, na kwangu hilo ndilo kubwa.

Empedocles wa Sisilia, karne ya 5 KK, alikabiliwa na swali zito la Parmenides, mwanafalsafa aliyemtangulia: kilichopo kitatokaje katika kisichokuwapo? Akajibu kwamba hakuna kinachozaliwa wala kufa kabisa. Kuna mizizi minne, yaani maji, hewa, moto na udongo, inayochanganywa na Upendo na kutenganishwa na Ugomvi. Katika shairi lake yumo msichana anayechezea chombo cha shaba chenye matundu chini. Akiziba shingo yake kwa mkono na kukizamisha, maji hayaingii, akiachia, yanaingia. Jaribu kwa mrija: ziba tundu la juu kwa kidole, kisha uchovye. Hewa usiyoiona inayazuia maji.

Usikimbilie kumpa ushindi Democritus, aliyesema vitu vyote ni atomi, yaani chembe zisizogawanyika zinazokwenda katika utupu, kwa sababu tu atomi zake zinafanana kwa jina na zetu. Aristotle alimpinga kwa hoja nzito kuhusu utupu, akashikilia ile mizizi minne na kuielezea kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. Mafundisho hayo yalipita kwa matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, na bado yanasikika Pwani mtu anaposema chakula hiki ni cha baridi, kile cha moto.

Kwa kusoma, anza na kitabu cha kwanza cha Metafizikia ya Aristotle. Shika penseli, na kando ya kila jina andika anamjibu nani. Ila uwe macho: Aristotle aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya Thales, na anawapanga waliomtangulia ili wote waelekee kwenye nadharia yake mwenyewe ya visababishi vinne: kitu kimetokana na nini, kina umbo gani, nini kilikileta, na kipo kwa ajili gani. Anaposema labda Thales aliona kwamba chakula na mbegu za viumbe vina unyevu, anakisia, na mwenyewe anakiri hivyo.