Mtoto hatulii na kitabu cha wadudu na wanyama

Dada, unasema mwanao wa miaka 2 anafunua kurasa harakaharaka na hadithi haimaliziki. Mwache afunue. Si lazima usome kila neno. Yeye achague picha, wewe ukae naye hapo hapo. Akigusa konokono, mwonyeshe zile pembe mbili ndefu: macho yake yapo kwenye ncha za pembe hizo! Muulize, “Huyu anaenda wapi?” halafu unyamaze, umpe nafasi ajibu hata kwa kidole tu. Kisha tokeni nje mkamtafute wa kweli chini ya majani yenye unyevu. Mkimpata, mtazameni bila kumvuta ganda. Ukimgusa, nawa mikono. Kwa umri huo nunua kitabu cha kurasa ngumu, na akitaka kilekile kila siku, msomee.