Wabatavi hawakuwa watumwa wa Roma

Ndugu, umeuliza kama Wabatavi walikuwa watumwa wa Warumi. Hapana. Walikuwa kabila lililoishi kwenye delta ya mto Rhine, Uholanzi ya leo, na hawakutozwa kodi. Walichotoa ni vijana wa vita kwa jeshi la Roma. Hao walisifika kwa kuogelea mtoni na farasi wao, silaha mwilini. Mwaka 69 baada ya Kristo Julius Civilis, Mbatavi mwenye uraia wa Roma, akaongoza uasi mkubwa uliozimwa mwaka 70. Ila kinachonigusa mimi ni kibao chembamba cha mbao kilichofukuliwa Vindolanda, ngome ya Warumi huko Uingereza: askari Masclus anamwandikia Cerialis, mkuu wa kikosi cha Wabatavi, kwamba askari wameishiwa bia, aagize waletewe. Baadaye Waholanzi waliuita mji wa Jakarta, Indonesia, Batavia, kwa jina la kabila hilo, kwa zaidi ya miaka 300.