Lida na mawingu ya barafu: inamisha mtambo kwanza

Ukitaka kupima mawingu ya barafu kwa leza, usiielekeze lida (mtambo unaorusha leza na kupokea mwanga unaorudi) wima kabisa. Iinamishe nyuzi 3 hadi 5. Fuwele bapa za pembe sita hushuka zikiwa zimelala, na leza ikizipiga moja kwa moja huakisi kama kioo: ishara kali ambayo mtetemo wake, yaani upande ambao mwanga hutetema, haujageuka. Kwenye data utadhani ni matone ya maji. Hata setilaiti ya CALIPSO, iliyorushwa Aprili 2006, ilianza na mwinamo wa nyuzi 0.3 tu, Novemba 2007 ikaongezwa hadi nyuzi 3 kwa sababu hiyohiyo.

Leza ya kijani ya nanomita 532 hutoa mwanga unaotetema upande mmoja. Tone la duara huurudisha ulivyo. Fuwele huugeuza kiasi. Ndiyo maana unahitaji vipokezi viwili, kimoja cha mtetemo sambamba, kingine cha mtetemo mkingamo. Gawanya ishara ya cha pili kwa ya cha kwanza; huo ndio uwiano. Barafu kwa kawaida hutoa takribani 0.3 hadi 0.5, maji hukaribia sifuri.

Lakini vipokezi viwili kamwe havilingani usikivu, na hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Zungusha sehemu ya vipokezi nyuzi 45 kulia, pima uwiano. Irudishe hadi nyuzi 45 kushoto, pima tena. Zidisha namba hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili: hiyo ndiyo tofauti ya usikivu kati ya vipokezi. Ukipima upande mmoja tu, kosa dogo la pembe linaingia lote kwenye matokeo. Kisha angalia hewa safi isiyo na vumbi, usiku: kwa kichujio chembamba, kinachopitisha rangi ya leza tu, uwiano uwe karibu na 0.004. Ukipata 0.02, mwanga unavuja kutoka njia ya kipokezi kimoja kwenda ya kingine, au kichujio hakikukaa sawa. Usiguse mawingu kabla ya kurekebisha.

Ndani ya wingu la maji mwanga hurukaruka kati ya matone, hivyo uwiano hupanda kadiri unavyoingia ndani. Soma kitako cha wingu: barafu huanza na uwiano mkubwa papo hapo, maji huanza karibu na sifuri. Usitegemee baridi peke yake, maana matone huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kuhusu kilele, kama huoni ishara ya hewa juu ya wingu, leza imeishia ndani. Andika "kilele hakikuonekana", usiandike kimo.